Damu ya Kamba ya Kitovu: Je, Ni Halali Kuitumia?



Leo tunajibu swali la mama mmoja Mkristu wa upande wa Baraka. Mwanawe ana ugonjwa wa damu tunaouita SS, unaojulikana pia kwa jina la selimundu. Mifupa humwuma usiku kucha, naye amekwisha kutiwa damu mara nyingi. Mama huyo amesikia kwamba ng'ambo wenye elimu huchukua damu ya kamba ya kitovu, wakaigeuza iwe chembe zinazoweza kujenga kiungo chochote cha mwili. Anauliza mambo mawili: Je, kufanya hivyo ni dhambi? Tena, je, kwaweza kumponya mwanangu?

Tusimcheke kwa hofu yake. Sisi sote, tukiulizwa kwetu ni wapi, hujibu: pale kilipozikwa kitovu changu. Kwa hiyo tulitazame jambo hili kwa utaratibu.

Swali la kwanza: Damu hiyo ni nini?

Mtoto aliye tumboni hulishwa kwa njia ya kamba ya kitovu, iliyoshikamana na kondo la nyuma. Akisha kuzaliwa, mkunga mwema hungoja dakika moja au zaidi, ili damu imwingie mtoto, ndipo hufunga kamba na kuikata. Damu kidogo hubaki ndani ya kamba na kondo. Hiyo ni damu ya mtoto, lakini haimfai tena, nayo huzikwa au hutupwa.

Mwili wote umejengwa kwa chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, ziitwazo seli, kama vile nyumba ilivyojengwa kwa matofali. Katika damu ya kamba zimo seli shina, ambazo kazi yake ni kuzaa damu mpya. Mwaka 1988, mjini Paris, daktari Eliane Gluckman na wenzake walimtia mtoto mgonjwa damu ya kamba ya dada yake mchanga. Mtoto yule, ambaye kwa ugonjwa wa kurithi mwili wake ulikuwa ukishindwa kutengeneza damu, akapona.

Swali la pili: Kuzigeuza seli maana yake nini?

Mwanzoni mwa mimba, seli za mtoto zaweza kuwa moyo, ini, mfupa au ngozi. Baadaye kila seli hushika kazi yake na kuacha nyingine, kama kijana aliyejifunza useremala akawa seremala. Wengi walidhani kwamba njia hiyo haina marejeo. Lakini mwaka 2006, huko Kyoto katika nchi ya Japani, Shinya Yamanaka na Kazutoshi Takahashi waliingiza jeni nne, yaani maagizo manne ya urithi, ndani ya seli za ngozi ya panya. Baadhi ya seli hizo zikarudia hali ya mwanzo, zikaweza tena kuwa seli za kila namna. Mwaka 2007 walifaulu kwa seli za binadamu, na mwaka 2012 Yamanaka alipewa Tuzo ya Nobeli.

Mwaka 2009 wataalamu wa Ujerumani na wa Hispania walifanya vivyo hivyo kwa seli za damu ya kamba. Wale wa Hispania walitumia jeni mbili tu. Damu hii yafaa kwa sababu ni changa, haijapatwa na madhara ya jua wala ya miaka mingi. Hukusanywa bila kumwumiza mtu, nayo yaweza kuhifadhiwa muda mrefu katika baridi kali.

Swali la tatu: Je, ni dhambi?

Hapa tusikilize vizuri. Mwaka 1998, huko Marekani, wataalamu walipata seli kama hizo kwa kuharibu mimba changa kabisa, zilizotungwa nje ya tumbo la mama. Kanisa lakataza njia hiyo, kwa maana hairuhusiwi kumwua mmoja ili kumponya mwingine, hata akiwa mdogo kuliko punje ya mtama. Lakini kuhusu damu ya kamba, hati ya Kanisa iitwayo Dignitas Personae, ya mwaka 2008, yafundisha kwamba ni halali kutoa humo seli shina wakati wa kuzaliwa. Hakuna anayenyang'anywa uhai. Na seli iliyogeuzwa si mtoto wala si mimba. Lakini mama aombwe ruhusa kwanza, wala seli hizo zisitumiwe kutengeneza watu.

Sisi wa Fizi na Baraka tunao walimu wa jambo hili. Tarehe 28 Novemba 1964 waliuawa kwetu Bruda Vittorio Faccin, na Mapadri Luigi Carrara, Giovanni Didonè na Albert Joubert. Tarehe 18 Agosti 2024, huko Uvira, walitangazwa kuwa Wenye Heri. Wao walitoa damu yao wenyewe. Mtu aweza kutoa uhai wake kwa mapendo. Hawezi kuchukua uhai wa mwenzake na kuyaita hayo mapendo.

Swali la nne: Je, mtoto wetu ataponywa?

Mama yangu, nakuambia kweli: bado. Mwaka 2007, huko Marekani, panya wenye ugonjwa wa SS walitibiwa kwa seli zilizogeuzwa, wakapata nafuu kubwa. Kwa watu, hiyo si dawa ya ugonjwa huu katika hospitali. Seli iwezayo kuwa kila kitu yaweza pia kuwa uvimbe mbaya, kwa hiyo wataalamu huenda polepole. Basi akija mtu sokoni na pakiti za unga, akisema ni seli shina, usiuze mbuzi wako. Seli ikimezwa huyeyushwa tumboni kama ugali.

Wala usimsingizie bibi wa jirani uchawi. SS hurithiwa kwa baba na mama pamoja. Daktari Léon Tshilolo wa Kinshasa na wenzake waliwapima watoto wachanga 31,204, wakaona karibu 14 katika kila 1,000 wana ugonjwa huo. Mwaka 2019 yeye na wenzake wa Kongo, Angola, Kenya na Uganda walionyesha kwamba vidonge vya haidroksiyurea hupunguza maumivu, malaria na vifo vya watoto hao. Muulize daktari habari za dawa hiyo. Mtoto alale ndani ya chandarua, anywe maji mengi, na akishikwa na homa apelekwe hospitali siku ile ile.

Turudie kwa pamoja.
Swali: Kwa nini ni halali kutumia damu ya kamba ya kitovu?
Jibu: Kwa sababu humsaidia mgonjwa bila kumwondolea mtu yeyote uhai.

Tumsifu Yesu Kristu.