Chupa Tamu Mezani mwa Waliookoka

Somo: Mithali 25:16, Danieli 1:8-16, Mathayo 10:42

Nawasalimu ninyi mlio Butembo, Beni na vijijini kote, mama mwenye kutusikiliza jikoni, motari mwenye kungoja abiria, na mgonjwa aliye kitandani. Leo tunasema juu ya kitu ambacho hatukisemi sana kwenye mimbari: sukre, ile chupa tamu ya dukani.

Tulipookoka, wengi wetu tuliacha bia na kasiksi. Tulifanya vema, na nyumba nyingi zilipata amani. Lakini siku ya arusi mgeni anapaswa kupokelewa, basi mahali pa kasiye za bia tukaweka kasiye za sukre. Leo heshima ya familia inahesabiwa kwa kasiye. Mgeni akipewa maji anasema amedharauliwa. Mkwe akija, mtoto anatumwa mbio dukani na franka za mwisho za nyumba. Kwenye matanga, kwenye ubatizo, siku ya kupokea mchungaji, ni chupa tu. Na kwa kuwa haileweshi, hakuna anayeuliza: ni ngapi zinatosha?

Sulemani aliuliza. Katika Mithali 25:16 anasema juu ya asali, kitu kizuri ambacho Mungu mwenyewe alikiumba. Anamfundisha aliyeipata aishie pale panapomtosha, maana ikizidi tumbo litaikataa. Angalieni, hakuiita asali mbaya. Alisema juu ya kiasi. Na kiasi, kwa Wagalatia 5, ni tunda la Roho Mtakatifu. Tumezoea kutafuta tunda hilo kwa mlevi wa jirani. Leo tulitafute katika gobele letu wenyewe.

Sasa tufungue chupa tuone. Kola ya kawaida ya sentilita 33 inabeba karibu gramu 35 za sukari. Hiyo ni karibu vijiko 9 vidogo vya chai. Mama, kama mtoto wako angetia vijiko 9 katika kikombe kimoja cha chai, ungemnyang'anya kijiko! Lakini katika chupa baridi hatuvioni, ndiyo sababu tunavinywa. Shirika la Afya Duniani, katika mashauri yake ya mwaka 2015, linaomba sukari ya kuongezwa isipite sehemu moja ya kumi ya nguvu tunazopata kwa chakula cha siku. Kwa mtu mzima ni karibu gramu 50, na linasema nusu yake ni bora zaidi. Chupa mbili kwenye arusi, umekwisha kupita, na bado hujahesabu keki wala chai ya asubuhi.

Inafanya nini mwilini? Sukari iliyo katika kinywaji inaingia upesi katika damu, wala haishibishi kama chakula. Baada ya chupa mbili bado utamaliza sahani ya wali. Kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo, linatoa insulini ili sukari itoke katika damu na kuingia katika viungo. Sukari inayozidi inageuka mafuta, mengine yanakaa katika ini. Mwaka kwa mwaka, mwili unazoea insulini na kuacha kuisikiliza, na sukari inabaki katika damu. Huo ndio ugonjwa wa sukari unaowapata zaidi watu wazima. Hautoki katika sukre peke yake. Kuna damu ya ukoo, uzito, umri na kukaa bila kutembea. Lakini anayekunywa sukre kila siku anaufungulia mlango. Polepole sukari hiyo inaharibu macho, figo, moyo na mishipa ya miguu, mpaka kidonda kidogo cha kidole kinafanya mtu akatwe mguu.

Wapendwa, hapa nataka mnisikilize sana, sababu watu wanapotea. Mtu anaanza kukonda. Anakunywa maji mengi, anaamka usiku mara nyingi kwenda kukojoa, macho yanaona ukungu, kidonda hakiponi. Familia inasema: amepewa sumu. Wengine wanasema: ni mchawi, ni shangazi yule. Anapelekwa chumba cha maombi wiki mbili, wiki tatu, na jamaa inagawanyika kwa mashaka. Kumbe tone moja la damu la kidole, kwenye mashini ndogo ya kituo cha afya, lingesema ukweli kwa dakika moja. Ninaamini katika maombi; ndiyo kazi yangu. Lakini apimwe, na tumwombee akiwa amepimwa. Na yule aliyepewa insulini asiitupe kwa kuwa amewekewa mikono. Dawa hiyo ilianza kudungwa watu mwaka 1922, kule Toronto, Kanada. Kabla ya hapo watoto wenye ugonjwa huo walikuwa wakifa tu. Mungu aliyeponya kwa neno ndiye aliyewapa watu akili ya kuipata. Kama umepona kweli, vipimo vya munganga vitaonyesha, na yeye mwenyewe ndiye atakayepunguza dawa.

Tuseme pia juu ya wagonjwa na watoto. Tunapokwenda kutembelea hospitali tunanunua sukre mbili. Ni upendo. Lakini uliza kwanza kwa muuguzi mgonjwa anaugua nini. Wengine wanafikiri sukre nyekundu inaongeza damu. Rangi si damu, wapendwa; maharagi, sombe, ndakala na nyama ndizo zinazosaidia. Mtoto mwenye kuhara asipewe sukre: sukari nyingi inavuta maji tumboni na kuzidisha kuhara. Dawa yake ni maji ya chumvi na sukari yenye kipimo: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chumvi. Mnaona? Vijiko 6 katika lita nzima vinaokoa mtoto, na sukre inabeba 9 katika theluthi ya lita. Na kuna saa ambayo sukre yenyewe ni dawa: mtu anayetumia insulini akianza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa, sukari imemshuka. Kama bado anaweza kumeza, mpe upesi kitu kitamu, kisha mpeleke kwa munganga. Ndiyo hekima ya Sulemani: kipimo.

Mtu atasema: Mchungaji, katika Marko 7 Yesu alisema kinachoingia kinywani hakimtii mtu unajisi. Kweli. Yesu alisema juu ya unajisi wa moyo mbele za Mungu. Hakusema figo haziwezi kuharibika. Mwingine atasema: maji ya mtaani kwetu si ya kuamini, heri chupa iliyofungwa. Hilo ni neno la haki, na mama wengi wanabeba bidoni kutoka mbali. Basi tuchemshe maji, tuyafunike, tuyaache yapoe. Tuna marakuja, nanasi na machungwa katika milima yetu na upande wa Beni. Tunda lenyewe ni bora kuliko juisi yake, na juisi ikitengenezwa tusimimine tena nusu kilo ya sukari.

Mwingine atasema desturi haibadiliki. Wapendwa, tumesahau Ebola? Kutoka Agosti 2018 mpaka Juni 2020, mashariki ya nchi yetu, watu zaidi ya 3400 waliugua na zaidi ya 2200 walikufa. Beni na Butembo zililia. Siku zile tuliacha kusalimiana kwa mikono, tuliweka ndoo za kunawa mlangoni mwa kanisa, hata namna ya kuzika wapendwa wetu ilibadilika. Ilikuwa vigumu mara mia kuliko kupunguza kasiye. Ugonjwa wa sukari hauji na magari na kelele. Unakaa kimya miaka kumi. Lakini mjane analia vilevile.

Danieli na wenzake, katika nyumba ya mfalme yenye vyakula vyote, waliomba siku 10 za mboga na maji, na baada yake nyuso zao zilionekana kuwa na afya. Nawaomba jambo hilohilo: siku 10 bila sukre, nyumba nzima. Pesa zile ziwekwe katika kikopo, na siku ya mwisho mnunue maharagi na matunda. Wazazi wa bibi arusi na bwana arusi, ndugu wa protokole apitishe maji kwanza. Anayetaka sukre apewe moja, na asiyetaka asichekwe. Waliopita miaka 40, wanene, na wenye mzazi aliyeugua sukari, waende kupimwa.

Na mgeni akija, usione haya kumpa maji safi. Katika Mathayo 10:42 Bwana Yesu alipotaja kipawa ambacho thawabu yake haitapotea, alichagua kikombe cha maji baridi. Kama maji yalitosha kwa heshima machoni pake, yatatosha na kwa mkwe wako.

Tuombe. Baba, tunakushukuru kwa miili uliyotupa, iwe hekalu lako. Tupe kiasi mezani petu. Wakumbuke wote wanaougua sukari usiku huu, na wale wasiojua bado kwamba wanaugua. Wape waganga wetu na wauguzi nguvu na dawa. Linda Beni, linda Butembo, utupe amani. Katika jina la Yesu, Amina.