Jiji la Tanga: Mzigo Unaopita na Watu Wanaobaki



Historia ya Tanga huelezwa kwa reli, mkonge na vita. Nitavigusa vyote, ila hoja yangu ni moja. Kila mara mji huu ulipotegemea mzigo mmoja unaopita kwenda ng'ambo, uliinuka na mzigo huo na kuporomoka nao. Kilichodumu ni kile kilichotokana na watu waliosoma, wakajua kazi, kisha wakajipanga wenyewe. Tuipime hoja hiyo sasa, kwa sababu mzigo mpya uko njiani.

Makazi ya pwani hii ni ya kale kuliko ukoloni. Tongoni, kusini mwa jiji kwenye njia ya Pangani, msikiti wa matumbawe na makaburi ya nguzo vinaonyesha jamii ya Kiislamu iliyostawi karne nyingi zilizopita. Karibu na hapo ndipo Vasco da Gama alipoichoma meli yake São Rafael mwaka 1499, kwa kukosa mabaharia wa kuiendesha. Lakini Tanga ya bandari na reli ni zao la mwisho wa karne ya 19. Wajerumani waliuteka mji Julai 1889, katika vita vya kuuzima upinzani wa pwani ulioongozwa na Bushiri bin Salim. Walichokitaka hapa kilikuwa wazi: ghuba iliyokingwa na mawimbi, na milima ya Usambara nyuma yake, ambako walowezi walitarajia kutajirika kwa kahawa.

Ujenzi wa reli ulianza hapa Tanga mwaka 1893, reli ya kwanza katika koloni lote. Kilomita 40 za kwanza, hadi Muheza, zilichukua miaka mitatu. Kampuni iliyoijenga ikaishiwa fedha, serikali ikaichukua njia hiyo mwaka 1899, ikaifikisha Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Kahawa ya Usambara haikuleta utajiri uliotarajiwa. Mkonge ndio uliokubali. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf alileta miche kutoka Florida. Ikasalia hai 62 tu, ikapandwa karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo yalienea mashamba yaliyoizunguka Tanga, na hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa imeongoza dunia kwa mkonge.

Utajiri huo ulibebwa na manamba: Wanyamwezi, Waha, Wamakonde na wengine walioletwa kwa mkataba kutoka mbali, wakakata majani yenye miiba na kuyalisha mashine za korona zilizotenganisha nyuzi. Reli na bandari vilipangwa kwa ajili ya singa, yaani nyuzi za mkonge, walizozizalisha. Maisha yao hayakuwamo katika mpango huo.

Mwaka 1964 nchi ilizalisha takriban tani 230,000. Mwaka huohuo bei ilianza kuteremka. Nyuzi za plastiki ziliingia sokoni, Brazil ikazidisha ushindani, na kutaifishwa kwa sehemu kubwa ya mashamba mwaka 1967 hakukuweza kuzuia mwelekeo wa soko la dunia. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990, uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi sehemu moja ya kumi hivi. Serikali ilijaribu kuupa mji nguzo nyingine: kiwanda cha mbolea miaka ya 1970, saruji mwaka 1980, pamoja na chuma. Saruji ilidumu, mbolea ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Vijana wengi walihamia Dar es Salaam.

Hebu sasa tutazame upande wa pili wa daftari. Miaka ileile ya reli, Wajerumani walifungua Tanga shule ya serikali. Haikufundisha dini, na kwa hiyo wazazi Waislamu waliweza kuwapeleka watoto wao bila hofu. Wanafunzi walijifunza kusoma na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi, na walijifunza ufundi, ukiwamo uchapaji. Hapo ndipo lilipochapwa gazeti la Kiongozi, lililosomwa na makarani na walimu wa Kiafrika hadi Vita vya Kwanza vya Dunia. Mkoloni alitaka watumishi. Alichokipata, bila kukusudia, ni tabaka la Waafrika waliozoea kuwasiliana kwa maandishi katika lugha moja.

Matunda yake yalionekana upesi. Mwaka 1922, hapahapa Tanga, karani Martin Kayamba aliwaunganisha watumishi wa serikali wa Kiafrika, Waislamu na Wakristo, katika chama kimoja. Chama hicho kiliitangulia African Association ya mwaka 1929, mzizi wa TAA na kisha TANU, chama kilichodai uhuru. Na pwani hiihii, Vibambani karibu na Machui, alizaliwa mwaka 1909 Shaaban Robert, karani wa forodha ambaye maandishi yake yanasomwa popote Kiswahili kinapofundishwa.

Manamba nao waliacha alama. Katika miaka ya 1950 bendi ya Young Nyamwezi iliundwa hapa, ikaja kuwa Jamhuri Jazz. Ngamiani, mtaa wa barabara zinazoitwa kwa namba, ulikutanisha makabila ya bara na pwani. Vikundi vya Black Star na Lucky Star, kwa sauti ya mwimbaji Shakila, viliingiza gitaa la umeme katika taarabu, na Mombasa na Dar es Salaam zikafuata. Bei ya singa ilipoanguka, hakuna aliyeweza kuvipakia vitu hivi melini na kuondoka navyo.

Sensa ya 2022 iliwahesabu wakazi wa jiji chini kidogo ya 400,000. Gati limepanuliwa na kina kimeongezwa, hivi kwamba meli kubwa haziachwi tena nje ya ghuba huku matishari yakizihudumia. Kutoka Hoima nchini Uganda linakuja bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443, ambalo mwisho wake ni Chongoleani. Nalifurahia, na ninalihofia kwa sababu moja: mafuta yatapita kama singa zilivyopita, na siku moja yatakwisha.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, mafundi wa bandari na bomba wafunzwe hapa, ili ujuzi wao uwasaidie hata mafuta yatakapokoma. Pili, sehemu ya mapato ya jiji itengwe kisheria kwa shule na karakana, isiguswe kwa matumizi ya kila siku. Tatu, mji upate hifadhi yake ya nyaraka, itakayokusanya rekodi za mashamba, magazeti, santuri na kumbukumbu za manamba waliobaki, kabla wazee hawa hawajatutoka. Chuo chetu kinaweza kuanza na hili la tatu bila kusubiri kibali cha mtu, na idara yangu iko tayari kuanza muhula huu.