Umeme Kichwani Wakati wa Upasuaji wa Mgongo: Tusiogope, Tuulize



Mtu wetu akiambiwa afanyiwe upasuaji wa uti wa mgongo, swali nyumbani huwa moja: "Je, ataamka akitembea?" Ikisikika tena kwamba atawekewa umeme kichwani, wengine humrudisha nyumbani. Mimi si daktari. Kazi yangu katika kaunti ni kuwaletea habari. Leo nieleze umeme huo ni wa nini.

Ubongo husogeza mguu kwa kutuma ishara kupitia uti wa mgongo. Aliyelazwa kwa dawa ya usingizi hawezi kusema mguu umekufa ganzi. Miaka ya 1970, madaktari wengine walimwamsha mgonjwa katikati ya upasuaji, wakamwambia asogeze vidole vya miguu, kisha wakamlaza tena. Mwaka 1980, Merton na Morton, watafiti wa Uingereza, walionyesha kwamba umeme unaweza kuamsha ubongo kupitia ngozi ya kichwa, bila kupasua fuvu.

Siku hizi nyaya nyembamba huwekwa kichwani, nyingine kwenye misuli ya mikono na miguu. Umeme hupita kwa muda mfupi sana. Misuli ikijibu, alama huonekana kwenye skrini. Alama ikififia, daktari huambiwa papo hapo. Husimama, huangalia presha ya damu, hulegeza kilichobana. Mara nyingi huwa bado kuna nafasi ya kurekebisha kabla mguu haujapooza kabisa.

Umeme huo hautibu, unalinda tu. Mgonjwa hausikii. Meno yanaweza kuuma ulimi, kwa hivyo huwekewa kitu laini mdomoni. Mwenye kifafa, au kifaa cha moyo mwilini, aseme mapema.

Si kila hospitali ina mashine hii, na si kila upasuaji unaihitaji. Basi kabla ya kutia sahihi, muulizeni daktari: Neva za mgonjwa wetu ziko hatarini kiasi gani? Mtazichungaje akiwa amelala? Kama mashine inahitajika na hapa hakuna, mtatupa rufaa ya wapi?

Kuuliza si ujinga, wala si kumkosea daktari heshima. Miguu ni ya mgonjwa, na jibu ni haki yake.