Zakayo Hakushtuka kwa Jina



Mada niliyopewa inauliza kama mwananchi wa kawaida anayejadili siasa mtandaoni huutikisa mfumo au hujipumzisha tu baada ya kazi. Nitaijibu kwa Kenya ya Juni mbili, ile ya 2023 na ile ya 2024.

Juni 2023 mitandao iliwaka moto. Mswada wa Fedha ulileta ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 na kupandisha VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16. Rais William Ruto akabandikwa jina la Zakayo, yule mtoza ushuru wa Yeriko, na vichekesho vikamiminika. Tarehe 26 akatia saini. Jina lenyewe alikuja kulitania hadharani, watu wakacheka naye. Ndiyo maana sikubaliani na wasomi wanaohesabu kila kejeli kuwa upinzani. Kejeli humlenga mtu, na mtu mwenye madaraka akijua kucheka anatoka salama, ushuru ukiwa palepale.

Mwaka uliofuata mazungumzo yalibadilika. Mswada mpya wa Fedha ulipoletwa, watu waliusoma. Vifungu vilifafanuliwa katika video fupi, kwa Kiswahili na kwa lugha za mama, hadi VAT ya asilimia 16 kwenye mkate ikaeleweka kwa mwenye kibanda na mteja wake. Kisha nambari za wabunge zikasambazwa, na agizo likawa moja: wasalimieni. Mbunge aliyezoea kuombwa mchango wa harambee akakuta simu imefurika jumbe za watu wasiomwomba senti. Wanauliza tu atapiga kura gani. Tarehe 18 Juni pendekezo la mkate likaondolewa. Tarehe 25 wabunge 195 wakaunga mkono mswada, 106 wakaupinga; waandamanaji wakaingia bungeni, na vijana wakauawa kwa risasi. Kesho yake Rais akakataa kuutia saini.

Wapo watakaosema iliyoshinda ni barabara, si simu. Ni kweli nusu. Walioingia barabarani walikuwa wanajua kifungu gani wanakipinga na kura inapigwa lini, na hayo waliyajulia mtandaoni.

Mtaniuliza basi: kama kejeli ni maji matupu, mbona Desemba 2024 vijana waliochora na kusambaza picha za kumdhihaki Rais walitekwa? Naona ni kwa sababu baada ya Juni mchoro haukuwa mchoro tena. Nyuma yake serikali ilikuwa inaona miguu ya watu.

Hata hivyo, neno "mfumo" tulitumie kwa uangalifu. Mswada uliokufa ulitarajiwa kuleta takriban shilingi bilioni 346, na madeni yaliyozifanya zitafutwe hayakufa nao. Tarehe 11 Desemba Rais alitia saini Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Ushuru, ambamo baadhi ya mapendekezo ya Juni yalirejea. Ada ya reli kwa bidhaa zinazoagizwa kutoka nje ilipanda kutoka asilimia 1.5 hadi 2. Sheria hiyo ilipita mchana kweupe, katika Bunge lile lile, bila salamu za kiwango cha Juni.