NANI ATALIPA INJINI IKIVUNJIKA?

Hotuba iliyosomwa mbele ya madereva na mafundi katika mkutano wa tawi



Halmashauri ya tawi ilitutaka tuseme juu ya jambo moja lililoleta maneno mengi katika kazi yetu, nalo ni kufunga vifaa vya kubadili nguvu za injini katika gari ambalo bado lina dhamana ya muuzaji. Huenda mtu akafikiri kwamba hilo ni shauri la matajiri peke yao, kwa kuwa gari si letu na dhamana haikuandikwa kwa jina letu. Lakini injini inapovunjika, muuzaji humwambia mwenye gari, "Gari lako limeguswa, hatulipi." Mwenye gari naye hutafuta wa kumlipa, na aliye karibu naye ni fundi aliyeshika spana au dereva aliyeshika usukani. Ndiyo sababu tumelileta mbele ya chama.

DHAMANA NI NINI

Dhamana, au waranti kama wengi tuitavyo, ni ahadi iliyoandikwa. Mtengenezaji asema kwamba kitu kikiharibika kwa kasoro ya kiwandani katika muda fulani, au kabla ya kilomita fulani, atakitengeneza bila malipo. Yaweza kuwa, kwa mfano, miaka 3 au kilomita 100,000, lolote litakalotangulia. Basi angalieni neno hilo: kasoro ya kiwandani. Dhamana haikuahidi kulipa kitu kilichoharibiwa na mtu, wala kilichochakaa kwa kazi, kama vile klachi na bitana za breki.

Wengi husema, "Ukigusa gari, dhamana imekufa." Maneno hayo si sawasawa. Mara nyingi karatasi ya dhamana huondoa ule uharibifu ulioletwa na kifaa cha nje, siyo gari zima. Ukibadili bomba la egzosi, kisha kioo cha mlango kikakataa kupanda, egzosi haina neno na kioo. Lakini ukiongeza nguvu za injini, kisha giaboksi ikasagika, muuzaji ana hoja, kwa maana giaboksi ilipewa mzigo ambao haikuundiwa. Shauri lote ni sababu: je, kifaa kilicholetwa ndicho kilichovunja? Hata hivyo ziko karatasi za dhamana zilizo kali zaidi, na kwa hiyo neno la kwanza ni kusoma karatasi ya gari lile lile lililo mbele yenu, siyo kusikiliza habari za kituoni.

Tena kuna video nyingi kutoka Marekani zinazosema kwamba muuzaji ni lazima athibitishe kuwa kifaa ndicho kilicholeta hasara. Ni kweli kwamba Marekani wana sheria ya mwaka 1975 iitwayo Magnuson-Moss, inayomkataza mtengenezaji kumfunga mnunuzi atumie vipuri vya jina lake tu ili apate dhamana. Lakini sheria hiyo ni ya huko. Sisi hapa Kenya tuna sheria ya kuuza bidhaa, Sura ya 31, na sheria ya kuwalinda wanunuzi ya mwaka 2012, ambazo zataka bidhaa iwe ya ubora unaostahili. Ziko pia kanuni za ushahidi, Sura ya 80, zisemazo kwamba anayedai mbele ya korti ndiye athibitishe madai yake. Maana yake, mwenye gari akienda kumshtaki muuzaji, mzigo wa kuanza kuthibitisha ni wake. Akikosa maandishi ya kumwonyesha hakimu, atageuka kumtazama fundi.

VIFAA VINAVYOLETA SHAURI

Viko vya namna nne.

Kwanza ni vyepesi: chujio la hewa la namna nyingine, au egzosi pana. Hivi peke yake havivunji injini kwa urahisi. Lakini yako machujio ya pamba yanayopakwa oili. Fundi akizidisha oili hiyo, huvutwa na hewa na kushika sensa inayopima hewa. Sensa hupima vibaya, kompyuta ya injini hutoa petroli isiyolingana, na gari huanza kukohoa.

Pili ni kubadili programu ya kompyuta ya injini, au kufunga kisanduku kinachokaa kati ya sensa na kompyuta na kuidanganya. Hapa hatari ni kubwa. Mtu huongeza hewa na moto, lakini pistoni, gasketi na rejeta ni zile zile. Tena asidhani kwamba jambo hili lafichika. Kompyuta nyingi huweka hesabu ya mara ngapi programu yake imeandikwa, na hata mtu akifuta namba za hitilafu kabla ya kupeleka gari kwa muuzaji, mashine huonyesha kwamba zimefutwa karibuni.

Tatu ni kufunga turbo mahali ambapo haikuwapo, au kubwa kuliko ile ya kiwandani. Juu ya hiyo tutasema zaidi.

Nne ni vile ambavyo hatukuvihesabu kuwa mabadiliko, navyo ni vingi kuliko vyote: alamu, kifaa cha kufuatia gari, na spidi gavana. Tangu mwanzo wa mwaka 2004, kwa amri iliyotangazwa mwaka 2003, magari ya abiria yametakiwa kuwa na spidi gavana ya kilomita 80 kwa saa. Basi hili ni badiliko linaloamriwa na serikali yenyewe. Kabla ya kulifunga katika gari jipya, mwenye gari na amwandikie muuzaji amwulize ni waya gani zikatwe na nani afunge. Jibu hilo likiwekwa pamoja na karatasi ya dhamana, hakuna atakayesema baadaye kwamba fundi alikata waya kwa ujuaji wake.

KUTAFUTA KASORO BAADA YA KUFUNGA

Ndugu mafundi, desturi moja yatuangusha: kufunga vitu vitatu kwa siku moja, kisha gari likikataa, hatujui kipi ni kipi. Fungeni kimoja, mjaribu gari, ndipo mfunge cha pili. Na kabla ya kufungua boliti ya kwanza, someni kompyuta ya injini muandike namba za hitilafu zilizomo. Gari likiwa lilikuja na ugonjwa wake, ujulikane kuwa lilikuja nao.

Injini ikinguruma juu na chini bila kukanyagwa, tafuteni kwanza hewa inayoingia kwa siri: mpira uliopasuka, klipu iliyolegea, gasketi iliyokaa upande. Hewa ikiingia baada ya sensa kupima, kompyuta haijui habari zake, na mchanganyiko huwa na hewa nyingi na petroli haba. Injini ikiendeshwa hivyo kwa mzigo mkubwa yapata moto kupita kiasi, na pistoni yaweza kutoboka.

Mkisikia kugonga kama kokoto ndani ya kopo wakati wa kupanda mlima, simamisheni kazi. Moto unawaka usivyopasa. Sababu yaweza kuwa programu iliyozidisha nguvu, au petroli ya kiwango cha chini kuliko kile kilichokusudiwa na aliyeandika programu. Msimwambie dereva aende polepole mpaka mwisho wa mwezi. Rudisheni programu ya kiwandani kwanza.

Juu ya turbo, kumbukeni kwamba mhimili wake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachoulinda ni utando mwembamba wa oili. Turbo mpya haifai kuwashwa ikiwa kavu. Tieni oili katika njia yake, kisha zungusheni injini kwa stata bila kuiwasha mpaka oili ifike. Msipake gundi ya silikoni katika njia ya oili, kwa kuwa kipande chake kikikatika huziba tundu na turbo hufa. Bomba la kurudisha oili sharti literemke moja kwa moja bila kupinda juu. Likipinda, oili hukwama, hupita kwenye sili, na mtaona moshi wa buluu. Wengi wameona moshi huo wakabadilisha turbo nzima, kumbe ni bomba tu.

Spidi gavana ikikata nguvu gari likiwa kilomita 40, au sindano ikirukaruka, msikimbilie kulaumu kompyuta. Angalieni waya wa kuleta hesabu ya mwendo kutoka giaboksi, kisha waya wa hasi ulioshikwa bodini, kisha fyuzi. Waya uliosokotwa kwa mkono na kufungwa utepe hulegea kwa mtikiso na kuota kutu kwa mvua. Unganisheni kwa kiungo kilichobanwa vyema. Na ndugu madereva, kuchomoa fyuzi ya gavana si ufundi. Ni kosa la barabarani, tena ni kumpa tajiri fimbo ya kuwapigia.

Jambo moja la nchi yetu. Nairobi iko juu ya bahari karibu mita 1,700, na kani ya hewa yake ni pungufu kama asilimia 18 kuliko Mombasa. Gari la karabureta lililorekebishwa kwa hewa ya Nairobi, likiteremka pwani hukuta hewa nzito, na petroli yake huwa haba. Kompyuta nzuri hujirekebisha, lakini programu iliyochezewa na mtu ambaye hakuwahi kuipima pwani haiaminiki. Gari la safari ndefu lijaribiwe huku na huko kabla ya kubeba abiria.

HABARI YA MSHAHARA

Sasa twafika penye kidonda. Injini imevunjika, muuzaji amekataa, na tajiri asema, "Nitakata mshahara wako mpaka deni liishe." Sheria ya kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yaruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la kusudi la mwajiriwa. Sikilizeni: la kusudi. Fundi aliyefunga kifaa alichoamriwa kufunga, kwa njia iliyo sawa, hakukosa kwa kusudi. Dereva aliyeendesha gari alilokabidhiwa, na akatoa habari taa ya injini ilipowaka, hakukosa kwa kusudi. Na hata makato yakiwa halali, yote kwa jumla hayawezi kupita theluthi mbili za mshahara. Tena kifungu cha 41 chasema mtu hafukuzwi kwa kosa la mwenendo kabla ya kuelezwa kosa na kusikilizwa, na ana haki ya kuwa na mwenzake au mjumbe wa chama wakati huo. Msiingie ofisini peke yenu.

Lakini twawaambia wazi kwamba fundi anayejitegemea, ambaye hakuajiriwa, hasimami chini ya vifungu hivyo. Yeye ameuza kazi yake, na sheria ya wanunuzi yataka kazi hiyo iwe ya ubora unaostahili. Huyo ahitaji maandishi kuliko sisi sote.

TUFANYEJE

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi kila gereji yenye mwanachama wetu iwe na daftari, na kila kazi ya kubadili injini iandikwe humo: namba ya gari, kilomita zake, hitilafu zilizokutwa, kifaa kilichofungwa na nani aliyekileta, na jina la aliyeamuru. Mwenye gari atie sahihi chini ya maneno haya: "Nimeelezwa kwamba kifaa hiki chaweza kuniondolea dhamana ya sehemu zinazohusika." Akikataa kutia sahihi, spana irudi sandukuni.

Vipuri vya asili msivitupe wala kuviuza. Vifungeni, viandikwe namba ya gari, apewe mwenyewe. Mwambieni pia aiarifu kampuni ya bima, kwa kuwa bima nayo huuliza gari limebadilishwa nini. Akibadilisha injini nzima, sharti NTSA ijulishwe ili namba ya injini irekebishwe katika hati ya gari.

Dereva naye awe na kijitabu chake. Taa ikiwaka, aandike siku, saa na mahali, amjulishe tajiri kwa ujumbe wa simu, na ujumbe huo asiufute.

Ndugu wanachama, hatuwazuii kufanya kazi hii. Ni kazi ya ujuzi na ina mkate ndani yake. Twataka tu kwamba yule aliyeamuru nguvu ziongezwe ndiye abebe hasara zikizidi, wala asimtwike mtu wa mshahara. Wajumbe wa kila gereji wamepewa mfano wa ukurasa wa daftari. Mwenye shauri lolote la makato alilete kwa katibu wa tawi pamoja na karatasi ya mshahara, kabla mwezi wa pili wa makato haujafika.