TUPIME WATU MBELE YA KUWAPA UFUNGUO
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanyakazi wa mine na wakaaji wa muji)



Tumeombwa kusema juu ya wale wanaotaka viti vya Leta. Sisi ni makarani wa mine. Kazi yetu ni kuhesabu, na kwa njia hiyo tutasema.

Katika mine, mtu akichaguliwa kulinda magazini, hapewi ufunguo hivi hivi tu. Kwanza vitu vinahesabiwa mbele ya macho yake: taa, kamba, boloti, mafuta. Anatia sahihi. Siku ya kutoka vinahesabiwa tena, na kikikosekana kitu, yeye atajibu. Hatujasikia hata mmoja akisema kwamba kumhesabia ni kumtukana.

Sheria kubwa ya inchi yetu, ile ya mwaka 2006, inasema namna ile ile. Kifungu cha 99 kinaamuru Prezidenti na maminista waandike mali ya jamaa yao, nyumba na feza za banki pamoja, na kupeleka karatasi kwa Korti ya Katiba mbele ya kuingia kazini, na tena wakati wa kutoka. Asiyeipeleka katika siku 30, anahesabiwa kuwa ameacha kazi. Ni maneno mazuri sana. Lakini angalieni: kifungu hiki hakitaji depite, wala mshauri wa komini. Hao ni juu yetu kuwauliza. Nyumba ngapi leo? Motokari ngapi? Tuandike, na kisha miaka mitano tusome tena.

Wengine wanasema: tuchague aliyesoma sana. Sisi tuliosoma kidogo kwa wamisionere hatuwezi kudharau shule. Wakati wa uhuru, 1960, watu wetu waliomaliza université hawakufika 30 katika inchi nzima, na hasara yake tuliiona. Lakini kumbukeni Septemba ya mwaka ule ule. Mobutu aliweka serikali ya makomisere, wengi wao wanafunzi wa université na wenye diploma mpya. Katika siku za serikali hiyo Lumumba alifungwa, akapelekwa Katanga, akauawa tarehe 17 Januari 1961, karibu na Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Diploma inaonyesha kwamba mtu anajua kusoma barua. Haionyeshi atafanya nini akiwa na barua ya kumwua mwenzake mezani.

Na wale madepite wa kwanza, waliochaguliwa kwa furaha Mei 1960? Kati ya kazi zao za mwanzo ilikuwa kuongeza mshahara wao wenyewe, kutoka franka 100,000 mpaka 500,000 kwa mwaka. Askari walikuwa wanaangalia. Wafanyakazi pia.

Sasa habari ya unga. Kila wakati wa kura, gari linakuja na mifuko, na wengine wanaleta pombe na shati zenye sura ya bwana. Wamama wanapokea, na hatuwalaumu, maana nyungu haingoji siasa. Lakini tufanye hesabu. Mfuko wa kilo 25, nyumba ya watu saba inaumaliza mbele ya mwezi kuisha. Kazi ya depite ni miaka mitano, ndiyo miezi 60. Mwezi mmoja umekula; ile 59 utakula nini? Kuleni unga, wamama, kisha mwulizeni mwenye gari feza zilitoka wapi.

Kipimo kingine ni ulimi, na hapa ndipo tunaogopa zaidi. Miaka ya 1992 na 1993, wakubwa wa siasa huku kwetu walisema maneno juu ya wenye kutoka Kasai. Watu walioshuka shimoni pamoja na wababa zetu walifukuzwa katika nyumba zao. Maelfu walilala kwenye gare ya Likasi na ya Kolwezi wakingoja treni, na wengi walikufa pale pale, watoto wadogo pia. Yote ilianza na maneno mbele ya watu waliopiga makofi. Kifungu cha 101 kinasema depite anasimama kwa ajili ya taifa lote. Basi yule anayekuambia kwamba atawaondoa jirani zako ili upate kazi, usingoje kujua shule yake wala dini yake.

Tena kuna swali la feza za madini. Sheria ya mine iliyogeuzwa mwaka 2018 inagawanya ile feza ambayo kampani zinalipa kwa ajili ya madini yanayotolewa. Kwa kila franka 100, 50 ni za Leta ya juu, 25 ni za province, 15 ni za komini au sekta au chefferie ya pale pale, na 10 zinawekwa kwa watoto watakaozaliwa. Anayetaka kiti cha komini aulizwe juu ya hizo 15. Asipojua kama ziko, amekuja kutafuta kiti tu. Akijua, aseme ataweka wapi karatasi ya hesabu ili kila mtu aisome.

Na wa chama chetu? Ndugu fulani alituambia jana: wenzetu tusiwaulize mbele ya watu, wapinzani watacheka. Wacha wacheke. Jumapili wagombea wetu watafika hapa saa tisa, na karani ameisha kutayarisha daftari. Wa kwanza kuulizwa nyumba ngapi na motokari ngapi atakuwa wa kwetu.