Mchele wa Kununua na Nafaka ya Ghalani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Neno nililoagizwa kulieleza ni mchele: nchi yetu huvuna kiasi gani, hula kiasi gani, na jambo hilo latuhusu nini sisi ambao mashamba yetu hayana majaruba.

Wazee wanajua kwamba mchele uliingia Ukambani kama chakula cha njaa. Ile njaa kuu ya mwisho wa karne ya kumi na tisa, watu wa Kitui waliiita Ngomanisye, kwa kuwa ilienea kila mahali. Upande wa Machakos wengi waliikumbuka kwa jina la Magunia, kwa ajili ya magunia ya mchele wa kigeni yaliyoletwa kuwaokoa watu. Basi tangu mwanzo mchele kwetu ulikuwa kitu cha kuletwa.

Kilimo kikubwa cha mpunga nchini kilianza Mwea mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, na ardhi ile ilifyekwa kwa jasho la wafungwa wa siasa. Mwaka 1966 iliundwa Bodi ya Taifa ya Umwagiliaji, na baadaye yakafunguliwa mashamba ya Ahero, Bunyala na Kano Magharibi. Wakulima wa Mwea walikuwa kama wapangaji, nao walilazimika kuiuzia Bodi mpunga wao. Mwaka 1998 walikataa amri hiyo wakaanza kuuza wenyewe, na mwaka 2003 ndipo Bodi iliporudi kwa masikilizano mapya.

Sasa tuzitazame hesabu. Mwaka 2008, Serikali ilipotunga mpango wa kukuza mpunga, ilikadiria kwamba nchi hula tani 300,000 za mchele kwa mwaka, na huvuna kati ya tani 45,000 na 80,000 tu. Ilionekana pia kwamba ulaji wa mchele ulikuwa ukipanda kwa asilimia 12 kila mwaka, hali ulaji wa mahindi ulipanda kwa asilimia 1. Tangu hapo mavuno yameongezeka. Bwawa la Thiba, lililokamilika mwaka 2022, limewawezesha watu wa Mwea kulima zaidi. Lakini walaji wameongezeka mbio zaidi: mahitaji ya nchi yamefikia kadiri ya tani milioni moja, na mchele wetu wenyewe haufiki robo yake. Uliobaki hutoka Pakistan, Thailand, Tanzania na kwingineko.

Sababu yake si siri. Miji imekua. Mchele huiva upesi, nao hauli kuni nyingi kama muthokoi. Tena umekuwa chakula cha heshima: harusi isiyo na wali, wageni hunung'unika.

Lakini mwenye kula cha mwenziwe hungoja mwenziwe ashibe kwanza. Mwezi wa Julai 2023 Serikali ya India ilizuia mchele mweupe wa kawaida usitoke nchini mwake, ili watu wake wasipungukiwe. Bei ikapanda duniani kote, hata kwa wasionunua India. Mwezi wa Julai 2025 Serikali yetu ilitoa ruhusa ya kuingiza tani 500,000 bila ushuru. Shauri likapelekwa Mahakama Kuu ya Kerugoya, kwa kuwa wakulima wa Mwea walikuwa na mchele wao ghalani, nayo Mahakama ikaizuia ruhusa hiyo kwa muda. Mnunuzi ataka bei ishuke, mkulima ataka ipande, na wote wawili wana haki.

Sisi tumo upande gani? Sisi ni wanunuzi. Na wazee wametuachia jina la njaa ya mwanzoni mwa miaka ya 1980: Nikwa Ngwete, yaani, nafa nikiwa nimeshika. Mtu alikuwa na fedha mkononi, lakini chakula cha kununua hakikuwapo. Jina hilo pekee ni hotuba iliyo bora kuliko hii yangu.

Wako wanaouliza: mbona nasi tusilime mpunga? Kilo moja ya mpunga wa majaruba hutaka maji ya lita elfu mbili na zaidi. Maji ya Thiba huingia Tana na kupita mpakani mwa Kitui, lakini mashamba yetu mengi yako mbali na mto huo, na mvua yetu haina ahadi. Ardhi yetu imezoea mtama, mawele, ndengu, kunde na mbaazi. Hivyo tunavyo. Kosa liko katika kuuza: mwezi wa Februari ndengu huondoka kwa bei ya mchuuzi, na mwezi wa Septemba mwenye shamba hununua mchele kwa kilo, tena kwa bei ya dukani.

Hata hivyo, kuweka nafaka kwataka uangalifu. Mwaka 2004, hasa katika Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumu ya kuvu iliyokuwamo katika mahindi, na 125 wakafariki. Nafaka ilihifadhiwa ingali na unyevu. Ghala baya laweza kuua kama njaa.

Kwa hiyo naleta mbele yenu mambo matatu. Kwanza, kila mwanachama aweke akiba ya nyumba yake mpaka mavuno mengine, ndipo auze kilichozidi. Pili, chama kitenge sehemu ya ada zetu kununua magunia yasiyopitisha hewa na kipimo cha unyevu, na nafaka yoyote isipokelewe ghalani ikiwa na unyevu unaozidi asilimia 13. Tatu, katika karamu za chama, muthokoi na ndengu viandaliwe pamoja na wali, ili watoto wetu wasidhani kwamba chakula cha kwao ni cha aibu.

Siwakatazi mchele, hata mimi naupenda. Nawaomba tu uwe kitoweo cha furaha, usiwe tegemeo la uhai.

Mambo haya nayaweka mikononi mwa wazee.